Maziwa Yetu Yanaanzia Masinga

Hotuba hii ilitolewa mjini Garsen mbele ya wakulima, wafugaji na wavuvi wa delta ya Tana waliokutana kuzungumzia usimamizi wa maziwa yao. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokuwa shambani, malishoni au majini siku hiyo. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Mwenyekiti, wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, wazee wa Matadeda, baraza la Waorma, vijana, wageni wetu kutoka afisini, na nyinyi akina mama wa samaki ambao mmekaa karibu na mlango ili muwahi magari ya Malindi: nashukuru kupewa nafasi. Nimeambiwa nina nusu saa. Mzee akipewa nusu saa huchukua saa nzima, mnajua, basi mnivumilie.

Pale nje kijana mmoja wa Kiorma ameniuliza, "Babu, leo mnazungumzia maziwa gani, ya maji au ya ng'ombe?" Wenzake wakacheka. Mimi nikamwambia, mjukuu wangu, ni yale yale. Kiangazi kikikaza huko juu, ng'ombe wako huja kula nyasi wapi? Si pembezoni mwa ziwa? Ziwa lisipojaa, kibuyu cha mama yako kitajaa nini? Akanyamaza. Natumaini ameingia ndani, maana hotuba yangu nzima ni hiyo, mengine ni maelezo.

Wengi mnanijua kama mzee wa geji. Kwa miaka zaidi ya ishirini kazi yangu ilikuwa kushuka ukingoni asubuhi na jioni, kutazama mto umefika namba gani kwenye bati, na kuandika kwenye fomu. Bati lenyewe ni jeupe, lina mistari myeusi, limefungwa kwenye chuma kilichosimikwa majini. Mto ukishuka, bati linabaki na ngozi ya tope, unalipangusa kwa kiganja ndipo uone namba. Ukipanda, bati la kwanza linamezwa, unahamia la pili, halafu la tatu. Likimezwa la mwisho huandiki tena, unakwenda nyumbani kumwambia mke wako afungashe vyombo.

Sasa siku moja nimekwenda mjini kufuatilia mshahara uliochelewa. Njaa imenishika, nikanunua viazi karai. Mama akanifungia kwenye karatasi. Kiazi cha kwanza, cha pili, naona mwandiko ninaoujua. Ni wangu! Fomu ya mwezi wa Mei, namba za mto, asubuhi na jioni, zimelowa mafuta kuanzia tarehe 14 hadi 19. Nikamuuliza mama, karatasi hizi umezipata wapi? Akasema ananunua kwa kilo.

Na niseme kweli, maana nyumba hii ina watu wanaonijua. Katika siku hizo sita, mbili nilikuwa nimelala na malaria, na namba zake nilizibuni kitandani. Kwa hiyo zangu za kweli na zangu za uongo, zote zilikwenda kufunga viazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni zipi.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu tumeitwa hapa kuzungumzia mageuzi ya kusimamia maziwa, na karatasi niliyopewa mlangoni inasema leseni za uvuvi, kamati, mipaka ya ufuo, vibanda vya watalii. Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja. Sikuliona. Neno lenyewe ni furiko.

Ndugu zangu, ziwa la delta ni nini? Shakababo ni nini? Bilisa ni nini? Moa? Mengi ya maziwa haya ni makovu ya mto. Mto ulipita hapo zamani, ukahama, ukaacha shimo lililopinda kama mundu. Shimo hilo halina mto wake, na mvua ya hapa kwetu peke yake haitoshi kulijaza. Linangoja. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Nyandarua, Tana inajaa, inasafiri karibu kilomita elfu moja, inafika hapa, inatapika nje ya kingo zake, inapitia mifereji midogo ambayo baba zetu waliifyeka na kuizibua kwa majembe, na ziwa linakunywa. Mara mbili kwa mwaka: furiko la masika linalotufikia kama mwezi wa Mei, na furiko la vuli la Novemba na Desemba. Pamoja na maji huingia samaki wa kutaga. Huingia tope, na tope hilo ndilo mbolea ya mpunga wetu, hatukuwahi kununua gunia. Maji yakirudi nyuma, mkulima anapanda kwenye unyevu. Akivuna, mfugaji anaingiza ng'ombe wakala mabua na nyasi mbichi. Watu watatu, maji yale yale, kila mmoja kwa zamu yake.

Basi nani anaamua kama maji hayo yatafika? Mimi na wewe? Kamati ya ufuo? Gavana? Twendeni polepole.

Mwaka 1968 ulijengwa Kindaruma. 1974, Kamburu. 1978, Gitaru. 1981, Masinga. 1988, Kiambere. Mabwawa matano kwenye mto mmoja, moja chini ya jingine kama ngazi. Masinga peke yake hushika zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Ongeza hapo Nairobi, ambayo karibu maji yake yote ya bomba hutoka kwenye vijito vya juu vya Tana hii hii. Mtu akifungua bomba Eastleigh, anakunywa kutoka kwenye mtungi ambao mwisho wake ni Kipini.

Sikuja kulaumu umeme. Taa hii iliyo juu yangu inatumia umeme, na simu ya mjukuu wangu anayenirekodi pale inatumia umeme. Ila nataka muelewe bwawa linafanya nini kwa furiko. Bwawa likiwa na nafasi, linameza furiko la kawaida, lile la kila mwaka, la kiasi, lililokuwa likitufikia kiunoni na kuondoka. Hilo ndilo lililotulisha. Lakini anga ikifunguka kweli kweli, bwawa limejaa pomoni, maji yanapita juu yake na kuja yote kwa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2018. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja tena, barabara ya Lamu ikakatika, na masika ya 2024 bwawa likamwaga tena. Kwa hiyo tumenyimwa furiko la kulisha, tukaachiwa furiko la kufukuza. Katikati ya hayo mawili tunapata kiangazi kama kile cha 2016 na 2017, Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni lilipokaukia hadi viboko wakafia kwenye matope.

Halafu serikali inatuletea mahema na unga. Tunashukuru. Lakini je, hakuna mtu anayejua bwawa limejaa kiasi gani kabla halijamwaga? Anajua. Namba ipo. Ina mistari yake myeusi kama ile yangu. Swali ni kama namba hiyo inamfikia mama wa kijiji cha Ozi, kule karibu na bahari, siku kumi kabla, au inafunga viazi.

Na msifikiri kuuchezea mto kulianza na saruji. Wazee wanaujua mfereji wa Belezoni. Karne ya 19, watawala wa Witu walichimbisha mfereji kuunganisha Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ya mpunga na pembe ifike Kau na Kipini bila kupita kwenye mawimbi ya mlango wa zamani, pale Tana ilipoingilia baharini. Mfereji mwembamba tu, wa kupiga pondo. Mto ulipoujua huo mfereji, ulifanya nini? Uliupenda. Mafuriko yakaupanua, na polepole Tana yenyewe ikahamia humo, ikaacha mlango wake wa zamani. Leo tunasema "mto unaingia baharini Kipini" kana kwamba Mungu aliuweka hapo siku ya kwanza. Ulipelekwa na majembe. Na wenye umri wangu wameuona ukihama tena, ukienda Matomba, mkondo wa Oda ukabaki mwembamba.

Mto ukibaki mwembamba, nani anajaza nafasi? Bahari. Nendeni Ozi siku za bamvua. Maji ya chumvi yanapanda mto, yanaingia kwenye majaruba. Mpunga unaanza kuungua ncha, unakuwa na rangi ya chai. Miembe iliyopandwa na mababu, ile mikubwa ambayo watoto watatu hawawezi kuikumbatia, inakauka imesimama. Nilipelekwa na rafiki yangu mmoja shambani kwake, akachota maji ya mfereji kwa kata akaniambia onja. Nikaonja, nikatema. Akasema, "Baba alikuwa akinywa haya." Hakusema jingine. Tulirudi kimya.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mtasahau mengine yote msisahau hili: mageuzi yaanze na maji. Tunataka furiko la kulisha liandikwe. Liandikwe kwenye kanuni za kuendesha mabwawa, kwamba masika na vuli, mvua ikiruhusu, kiasi fulani cha maji kitaachiliwa kwa siku fulani, na tarehe zitangazwe redioni na kwa simu, kwa Kiswahili, kwa Kipokomo na kwa Kiorma. Kiasi gani? Hilo wapime wataalamu pamoja na sisi, maana sisi tunajua mfereji upi hufunguka maji yakifika wapi. Mnaona ni ndoto? Bwawa la High Grand Falls linalopangwa hapo chini ya Kiambere, likijengwa kama lilivyochorwa, litashika maji zaidi ya mara tatu ya Masinga. Wakati wa kuandika kanuni ni kabla saruji haijamwagwa. Baada ya hapo utakuwa unamwomba mtu akurudishie ulichokwisha kumpa.

Naona katibu ananionyesha saa. Nimeiona.

Twende kwenye ombi la pili, la meza. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ziwa moja ambalo sitalitaja, kiboko alikufa. Dume kubwa, ameelea karibu na mahali akina mama wanapopokelea samaki. Mwenyekiti wa wavuvi akapiga simu afisi ya kwanza. Wakasema, sisi ni maji, mnyama si wetu. Akapiga ya pili. Wakasema, mnyama ni wetu, msimguse, kumgusa ni kosa, tunakuja. Gari halina mafuta. Ya tatu ikasema, ah, ziwa lina mzoga? Basi samaki msiuze mpaka tuchukue sampuli. Kuchukua lini? Wiki ijayo. Ya nne ikasema mpige picha na mjaze fomu.

Siku ya nne tumbo la yule kiboko limefura kama tangi la plastiki la lita elfu. Mwewe juu, mamba chini. Harufu inafika shuleni, mwalimu anafundisha ameziba pua kwa leso. Akina mama wamekaa na makarai matupu. Mmoja wao, Mungu amweke, akasimama akasema, "Huyu kiboko ana waume wanne, na hakuna anayetaka kumzika."

Siku ya tano asubuhi, kiboko hayupo. Kulikuwa na alama ya kamba kwenye tope na shimo jipya mbali na ziwa. Nani alimvuta? Mimi sijui. Ilikuwa usiku.

Mmecheka, lakini tazameni sheria zetu. Sheria ya Wanyamapori ni ya 2013. Kisha mwaka mmoja, 2016, tukapata Sheria ya Maji, Sheria ya Uvuvi, Sheria ya Misitu na Sheria ya Ardhi ya Jamii. Kila moja nimeisoma kwa kiasi changu, na kila moja ni nzuri. Kila moja inasema jamii ishirikishwe. Kwa hiyo tuna chama cha watumiaji wa maji, tuna kamati ya ufuo, tuna chama cha misitu, tuna kamati ya ardhi. Kijiji chenye nyumba mia kina kamati kumi na moja, na ukitazama vizuri ni watu wale wale saba wanaobadilisha kofia. Siku ya posho wanajulikana kwa kiatu.

Sheria zimegawa ziwa kama nyama ya sadaka: wewe chukua maji, wewe samaki, wewe mikoko, wewe kiboko. Ziwa zima halina mtu.

Ninachoomba ni meza moja kwa kila ziwa, siyo kamati ya kumi na mbili. Zile kumi na moja zikutane kwenye meza hiyo, na afisi zote zije hapo badala ya sisi kuzunguka kwao. Gasa wakae, Matadeda wakae, wavuvi wakae, wawe wa hapa au ndugu zetu Waluo waliokuja na nyavu zao kutoka Nyanza na sasa watoto wao wanaongea Kipokomo kuliko wangu. Akina mama wakae, tena si wa kuleta chai. Na meza iwe na vitu viwili mkononi, la sivyo ni mchezo: sehemu ya ushuru wa samaki unaokusanywa pale pale, na ufunguo wa mfereji. Nasema ufunguo kwa maana yake. Mfereji unaoingiza maji ziwani ukizibwa na mchanga, meza iwe na haki ya kuita watu wauzibue kesho, bila kungoja mwaka wa fedha.

Sasa nakuja mahali pazito, na nitapita kwa uangalifu.

Tumekuwa tukiletewa maendeleo hapa. Ulikuja mradi mkubwa wa mpunga, ukajengewa tuta na mifereji, na El Nino ya 1997 ikauvunja. Mwaka 2008 ukaja mpango wa miwa, hekta elfu ishirini hivi. Wengine wakataka kupanda mibono ya kutengeneza mafuta ya magari. Sitaki kusema miwa ni haramu, sote tunakunywa chai. Lakini katika ramani zile, ziwa lilichorwa kama doa la buluu na pembeni mwake pakaandikwa eneo tupu. Tupu! Malka za ng'ombe kufika majini zimekatwa na mstari wa penseli, na aliyeukata hajawahi kuona ng'ombe mia tatu wenye kiu wakikutana na tuta.

Mwaka 2012 mwezi wa Agosti mpaka mwanzo wa 2013 tulizikana. Watu zaidi ya mia moja, watoto kwa wazee. Sitataja vijiji, kwa kuwa watu wa vijiji hivyo wako humu, wamekaa kwenye benchi moja, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Waliokuja na kamera walisema ni ukabila. Ukabila ulikuwepo, na siasa ya uchaguzi ilikuwepo, tusidanganyane. Lakini mimi nilikuwa nasoma geji. Nilijua mto unapungua, nilijua malisho ya ziwani yamebanwa, nilijua nani amesukumwa akae karibu na nani. Sikumwambia mtu. Nilidhani kazi yangu ni namba tu.

Cha ajabu ni kwamba mwaka ule ule wa 2012, delta hii iliandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, hekta 163,600. Dunia ilitupa cheti tukiwa makaburini. Na Februari 2013 Mahakama Kuu Nairobi, katika kesi iliyopelekwa na watu wa hapa hapa, ikasema mipango ya delta haiwezi kupangwa bila wenyeji. Kutokana na shinikizo hilo na kazi ya wengi, tukapata Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa mwaka 2015. Mnaukumbuka? Wapo humu waliokaa kwenye mikutano yake mpaka miguu ikafa ganzi. Una ramani, una njia za mifugo. Nani ana nakala yake nyumbani?

Mikono mitatu. Haya.

Basi kabla hatujaandika mpango mpya, tuutafute ule. Malka zilizomo ziwekewe mawe ya mpaka, na jiwe la malka liheshimiwe kama jiwe la shamba. Mfugaji asiitwe mgeni wa ziwa. Ziwa lina miezi yake na yeye ana miezi yake.

Kuna watakaosema mzee anaota, duniani hakuna aliyefanya haya. Wapo. India, jimbo la Odisha, kuna ziwa la pwani linaitwa Chilika. Kubwa kuliko yetu yote ukiyakusanya, maji ya mto na ya bahari yanachanganyika humo. Mchanga kutoka milimani ukajaa, mlango wa bahari ukaziba, magugu yakatanda, samaki wakaisha. Mwaka 1993 likaandikwa kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo yaliyo hatarini. Wao walikuwa wameunda mamlaka moja ya Chilika tangu 1991. Na walianza wapi? Na leseni? Walianza na maji. Walipima mikondo, wakaijaribu kwenye modeli, ndipo Septemba 2000 wakafungua mlango mpya wa bahari. Wakafuata mito inayoleta mchanga mpaka milimani. Samaki waliokuwa wamefikia tani 1,700 hivi kwa mwaka wakapanda karibu tani 12,000 mwaka 2001 hadi 2002. Mwaka 2002 hiyo hiyo ziwa likatolewa kwenye orodha ya hatari.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana wageni wetu wakisimulia Chilika huishia hapo kwenye tani. Kabla ya mlango ule kulikuwa na vita vya kamba. Si kamba za kufungia, kamba wa kula. Wenye fedha walizungushia uzio sehemu za ziwa wakafuga kamba wa kuuza nje, wavuvi wa asili wakafukuzwa. Mahakama ya Juu ya India ikaamua mwaka 1996 dhidi ya mabwawa yale ya kufugia kamba pwani. Hata hivyo nyuzio zilibaki, na mwaka 1999 polisi wakapiga risasi wakaua watu wanne katika kijiji cha Sorana. Samaki waliporudi, swali likarudi pamoja nao: samaki wa nani?

Nalisema hili kwa ajili yenu vijana. Tuseme tumefaulu. Tuseme maji yameachiliwa, mfereji umezibuliwa, Shakababo imejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Siku hiyo atatokea mtu na gari nzuri, atataka kukodi upande mmoja wa ziwa miaka thelathini, ataleta kiwanda cha barafu na mashine ya kupimia. Barafu tunaihitaji, Wallahi. Mama anapoteza nusu ya samaki wake kwa jua kabla gari halijafika. Lakini kodi ya miaka thelathini iandikwe na nani? Ikiwa ile meza haipo siku hiyo, itaandikwa hotelini.

Kuhusu watalii na vibanda sina mengi. Ndege wapo kwa maelfu, mtu akitaka kuwatazama alipe aketi. Hilo si mageuzi, ni biashara, liendelee.

Namalizia, kweli sasa. Wageni wetu wa afisini wameniuliza, mzee, unataka tuanze na nini kesho asubuhi, kitu kidogo kisichohitaji bajeti? Nimefikiri. Mabati ya geji yamepinda, mengine yameng'olewa, nimeona moja limeezekea kibanda cha kuku. Lakini ziwa lenyewe halikuwahi hata kuwa na bati. Hakuna mtu anayejua, kwa maandishi, maji yaliingia Bilisa tarehe gani mwaka jana, wala yalikaa siku ngapi. Tukienda Nairobi kuomba furiko, watatuuliza: mnataka kiasi gani, lini? Tutajibu nini, "kama zamani"?

Kwa hiyo nimekuja na daftari. Liko pale mezani kwa katibu, lile la jalada la buluu. Nimelipigia mistari mwenyewe: jina la ziwa, siku maji yalipoingia, yalifika kwenye mti gani au nguzo gani, siku yalipoanza kurudi. Kabla hujaenda kwenye pilau, pita uandike kwa kijiji chako, unachokumbuka, mwaka huu na mwaka jana. Asiyejua kuandika, mjukuu wangu ana kalamu. Na kama hukumbuki tarehe, sema hukumbuki, tuache wazi. Usibuni.

Asanteni.